Wiki ya Kwanza ya Ndoa: Historia ya Barefoot in the Park na Hukumu za Watazamaji Wake

Miongoni mwa tamthilia za kuchekesha zilizoandikwa Marekani katika karne ya 20, ni chache zilizodumu katika mapenzi ya watazamaji kama Barefoot in the Park, kazi ya mwandishi Neil Simon iliyofunguliwa Broadway, yaani katika eneo la kumbi kubwa za maigizo mjini New York, tarehe 23 Oktoba 1963, na kutengenezewa filamu miaka minne baadaye. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Corie na Paul Bratter, maharusi waliotoka kumaliza fungate ya siku sita hotelini, wanahamia katika nyumba ndogo ya kupanga iliyo juu kabisa ya jengo lisilo na lifti, na katika siku chache za baridi ya Februari wanagundua kwamba mapenzi yaliyowakutanisha hayakumwambia yeyote kati yao jinsi mwenzake anavyoishi. Corie hupenda mambo ya ghafla na ya ajabu, ilhali Paul, wakili kijana anayejiandaa kwa kesi yake ya kwanza mahakamani, hupenda utaratibu, usingizi wa kutosha na nguo zilizopigwa pasi. Ugomvi wao unafika kilele Corie anapodai talaka, na mojawapo ya makosa anayomhesabia mumewe ni kwamba alikataa kutembea naye miguu peku katika bustani usiku wa baridi kali.

Swali la nani kati ya wawili hao mwenye makosa limewashughulisha watazamaji tangu onyesho la kwanza, na kila kizazi kimelijibu kwa namna yake, ingawa maneno ya tamthilia ni yale yale. Kilichobadilika ni ndoa yenyewe: sheria ya talaka, umri wa kuoa na kuolewa, nafasi ya mwanamke katika kazi ya mshahara, na maana ya uhuru kwa vijana. Kwa sababu hiyo maoni ya watazamaji juu ya Corie na Paul yana thamani ya kihistoria inayozidi ile ya maoni ya kawaida juu ya mchezo, maana mtu anayecheka au kukunja uso mbele ya ugomvi wa maharusi anafichua, mara nyingi bila kujua, kile anachoamini kwamba mke na mume wanadaiana.

Chimbuko la kisa na mahakama ya kicheko

Neil Simon alizaliwa mwaka 1927 katika wilaya ya Bronx mjini New York, akajifunza kazi yake kwa kuandikia vipindi vya vichekesho vya televisheni katika miaka ya 1950, hasa vile vya mchekeshaji Sid Caesar, ambako waandishi kadhaa walikaa chumba kimoja wakishindana kutunga. Mwaka 1953 alimwoa Joan Baim, mcheza dansi, na maisha yao ya mwanzo katika nyumba ndogo ya juu kabisa huko Greenwich Village, mtaa wa kusini mwa Manhattan uliokuwa maskani ya wasanii, ndiyo yaliyompa malighafi ya tamthilia hii. Baada ya tamthilia yake ya kwanza, Come Blow Your Horn, kufanikiwa Broadway mwaka 1961, aliyarudia maisha hayo ya mwanzo wa ndoa na kuyatungia kisa.

Namna tamthilia ilivyofikia sura yake ya mwisho inaeleza mengi kuhusu uwezo wa hadhira. Desturi ya wazalishaji wa maigizo wa Marekani wakati huo ilikuwa kuonyesha kazi mpya kwanza nje ya New York, mbele ya watu waliolipa kiingilio, ili mwandishi asikie palipochekesha na palipozimika, kisha aandike upya usiku kucha kabla ya onyesho linalofuata. Kazi hii ilijaribiwa mwaka 1963 ikiwa na jina jingine, Nobody Loves Me, katika ukumbi wa Bucks County Playhouse uliomo ndani ya kinu cha zamani cha nafaka katika mji mdogo wa New Hope, jimbo la Pennsylvania. Mwongozaji alikuwa Mike Nichols, mzaliwa wa Berlin aliyekuwa amepata sifa kama mchekeshaji wa jukwaani pamoja na Elaine May, na ambaye hakuwa amewahi kuongoza tamthilia ya Broadway. Paul aliigizwa na Robert Redford, Corie na Elizabeth Ashley, mama yake Corie na Mildred Natwick, jirani Victor Velasco na Kurt Kasznar, na fundi wa simu na Herb Edelman.

Utaratibu huo wa majaribio ulimaanisha kwamba tamthilia ilipofika katika ukumbi wa Biltmore, Mtaa wa 47 Magharibi, ilikuwa tayari imepitishwa katika mikono ya watazamaji wengi. Kicheko kilikuwa kura, na mstari usiopata kura uliondolewa. Matokeo yake yanaonekana katika hesabu: maonyesho 1,530 mfululizo hadi tarehe 25 Juni 1967, uteuzi wa kuwania tuzo ya Tony ya tamthilia bora, na tuzo ya Tony ya uongozaji kwa Nichols mwaka 1964. Mwishoni mwa mwaka 1966 Simon alikuwa na kazi nne zikionyeshwa Broadway kwa wakati mmoja, na hii ikiwa kongwe zaidi kati ya hizo. Hata hivyo kura ya kicheko ina mpaka wake, kwa kuwa hupigwa na watu wa wakati mmoja, wa mji mmoja, wenye uwezo wa kulipa kiingilio, na ndiyo maana hadhira iliyokuja baadaye iliweza kusikia katika maneno yale yale mambo ambayo ile ya kwanza haikuyasikia.

Nyumba inayowapima wakazi wake

Ili kuelewa kwa nini watu wa 1963 walimpenda Corie haraka, ni lazima kwanza kuitazama nyumba. Majengo ya aina hiyo, yaliyojengwa katika karne ya 19 kwa jiwe la mchanga la rangi ya kahawia ili yawe makazi ya familia moja yenye uwezo, yaligawanywa baadaye kuwa vyumba vya kupangisha, na kwa kuwa hayakuwa na lifti, ghorofa ya juu ndiyo iliyoangukia vijana waliokuwa na miguu yenye nguvu na mifuko miepesi. Nyumba ya akina Bratter ina chumba cha kulala kisichotosha kitanda kama inavyopasa, bafu lisilo na beseni la kuogea, mtambo wa joto usiofanya kazi, na dirisha la paani lenye tundu ambalo theluji hupitia na kumwangukia Paul anayelala chini yake. Corie ndiye aliyeichagua, na anaiona kuwa nzuri. Paul anaiona kwa mara ya kwanza ikiwa tupu, na anaona kasoro peke yake.

Matumizi ya nyumba mbovu kama chanzo cha ucheshi wa maharusi hayakuanza na Simon. Mwaka 1920 Buster Keaton alitengeneza filamu fupi isiyo na sauti, One Week, ambamo mume na mke waliofunga ndoa karibuni wanajenga nyumba waliyopewa zawadi ikiwa vipande vilivyopangwa katika masanduku, lakini mtu mwenye chuki amebadilisha namba za masanduku hayo, hivyo kuta na milango inasimama mahali pasipo pake. Tofauti kati ya kazi hizi mbili ni ya maana. Maharusi wa Keaton wako upande mmoja na nyumba upande wa pili, kwa hiyo kila balaa linawaunganisha, ilhali maharusi wa Simon wanatenganishwa na nyumba yao kwa sababu kila kasoro yake inamlazimisha kila mmoja kusema anachothamini. Anayesema kwamba tundu la paani linaleta nyota na anayesema kwamba linaleta homa ya mapafu wanabishana juu ya namna ya kuishi, hata kama wenyewe wanadhani wanabishana juu ya kioo.

Ngazi nazo zina kazi yake. Karibu kila anayeingia, awe fundi wa simu, mleta vifurushi, mama mkwe au Paul mwenyewe akiwa na mikoba, anafika akitweta, na kila mmoja hutweta kwa namna yake, hata kuhema pekee kukawa utambulisho wa umri, kazi na tabia ya mhusika. Corie hachoki. Kwa watazamaji wa New York, ambao wengi wao walikuwa wamepanda ngazi za namna hiyo katika ujana wao, uhodari wake wa kupanda na kushuka ulikuwa ishara ya kitu walichokuwa nacho zamani, na hapakuwa na haja ya hoja nyingine ya kumtetea.

Talaka ambayo sheria haikuitambua

Jambo ambalo mtazamaji wa leo hulipita bila kulitambua, na ambalo yule wa 1963 alilijua vizuri, ni kwamba Corie anadai kitu ambacho sheria ya jimbo lake haikumruhusu kukipata. Tangu mwaka 1787 hadi nusu ya pili ya miaka ya 1960, jimbo la New York lilikubali sababu moja tu ya talaka, nayo ni uzinzi. Ukatili, kutelekezwa, ulevi au kutopatana kwa tabia havikumtosha hakimu. Wenye fedha walisafiri hadi jimbo la Nevada, ambako tangu 1931 ukaazi wa wiki sita ulitosha kumpa mtu haki ya kuomba talaka, au walikwenda Mexico, ambako mambo yalikuwa mepesi zaidi. Wasio na fedha za safari walitafuta tamko la mahakama kwamba ndoa ilikuwa batili tangu mwanzo, au walishirikiana kutunga uzinzi: mume alipigwa picha hotelini akiwa na mwanamke aliyelipwa kwa kazi hiyo, na picha ikapelekwa mahakamani kama ushahidi, huku wanasheria na majaji wengi wakijua kwamba ni maigizo.

Kwa hiyo dai la Corie, lililotolewa katika wiki ya kwanza baada ya fungate dhidi ya mume ambaye kosa lake ni kuwa mtulivu kupita kiasi, liliwachekesha watu kwa sababu mbili zilizoungana. Kwanza, kosa lenyewe lilikuwa dogo; pili, aliyekuwa akidaiwa talaka alikuwa wakili, mtu ambaye angepaswa kujua kuliko wote kwamba mlango huo umefungwa. Watazamaji wangeweza kucheka kwa amani kwa kuwa walijua kwamba hakuna anayeondoka. Ndoa ilikuwa chumba ambacho wawili hao walikuwa wamefungiwa ndani yake, na ucheshi ulikuwa katika kuwatazama wakitafuta namna ya kukikalia.

Sheria mpya ya talaka ya New York ilipitishwa mwaka 1966 na kuanza kutumika tarehe 1 Septemba 1967, ikaongeza ukatili, kutelekezwa, kifungo na kutengana kwa muda kuwa sababu zinazokubalika. California ikafuata kwa kuondoa kabisa sharti la kuthibitisha kosa la mmoja wa wanandoa, kuanzia tarehe 1 Januari 1970, na majimbo mengine yakaiga katika muongo huo, ingawa New York yenyewe haikufika huko hadi mwaka 2010. Filamu ya Barefoot in the Park ilitoka tarehe 25 Mei 1967, miezi mitatu tu kabla ya mlango kufunguliwa. Tangu hapo mtazamaji amekuwa akilisikia neno talaka kinywani mwa Corie kama tishio linaloweza kutimizwa kabla ya mwaka kwisha, na kicheko chake kimechanganyika na wasiwasi ambao wa kwanza hakuwa nao. Wale wanaomlaumu Corie kwamba anaichezea ndoa wanamlaumu kwa kipimo cha sheria ambayo yeye hakuishi chini yake.

Mwaka 1967 na miguu peku iliyopitwa na wakati

Filamu iliongozwa na Gene Saks, ikiwa kazi yake ya kwanza ya sinema, kutoka katika muswada ulioandikwa na Simon mwenyewe. Redford, Natwick na Edelman walirudi katika nafasi zao, Jane Fonda akachukua nafasi ya Corie, na Charles Boyer, Mfaransa aliyewahi kuwa mpenzi maarufu wa skrini katika miaka ya 1930 na 1940, akamwigiza Velasco, jirani wa darini anayepita dirishani mwa maharusi ili aingie kwake. Ilizinduliwa katika ukumbi wa Radio City Music Hall, wenye viti karibu 6,000, ikapendwa na watu wengi, na Natwick akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa nafasi ya mama. Kwa mwezi mzima tamthilia na filamu zilionekana sambamba katika mji mmoja.

Hata hivyo filamu ilizaliwa katika mwaka ambao uliibadilishia maana ishara yake kuu. Simon alipoandika, kutembea peku bustanini usiku wa baridi kulikuwa kitendo cha ajabu chenye kutosha kumgawa mtu mwenye roho huru na mtu aliyefungwa na adabu. Lakini mwezi Januari 1967 maelfu ya vijana walikusanyika katika bustani ya Golden Gate mjini San Francisco, na Jumapili ya Pasaka, tarehe 26 Machi, maelfu wengine wakafanya hivyo katika Central Park ya New York, wengi wao wakipinga vita vya Vietnam na kukataa mavazi, kazi na ndoa za wazazi wao. Miguu peku ikawa vazi la kizazi kizima. Ukumbi wa Biltmore, uliokuwa makao ya akina Bratter hadi Juni 1967, ulipokea mwezi Aprili 1968 mchezo wa muziki wa Hair, uliowaweka vijana hao hao jukwaani pamoja na nywele zao ndefu na utupu wao. Na Mike Nichols, aliyeiongoza tamthilia ya Simon, alitoa mwishoni mwa 1967 filamu ya The Graduate, ambayo inamalizika kwa bibi harusi anayetoroka kanisani na kuketi ndani ya basi na mpenzi wake, wote wawili wakiwa hawajui waendako.

Mbele ya mambo hayo Corie alionekana ghafla kuwa mtiifu. Uasi wake wote unafanyika ndani ya ndoa halali, katika nyumba inayolipiwa kodi kwa mshahara wa mume, na kilele chake ni chakula cha Kialbania katika mkahawa wa kisiwa cha Staten, unaofikiwa kwa kivuko. Sheria za maadili zilizoisimamia sinema ya Marekani tangu miaka ya 1930 zilikuwa katika siku zake za mwisho, zikaondolewa mwaka 1968, na filamu hii inaonyesha mapenzi ya maharusi kwa uwazi uliokuwa mpya kidogo lakini usiomtisha mtu. Hata tofauti kati ya mke na mume zilizowashughulisha Wamarekani zilikuwa zimebadilika: tarehe 12 Juni 1967, siku 18 baada ya uzinduzi wa filamu, Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya Loving dhidi ya Virginia, ilifuta sheria zote zilizokataza ndoa kati ya watu wa rangi tofauti. Wapo waliosema tangu hapo kwamba kisa cha Simon ni cha kizamani. Hukumu hiyo ina ukweli kuhusu ishara zake, lakini haikuugusa ugomvi wenyewe, maana vijana walioketi peku katika Central Park nao walifika siku wakalazimika kuamua nani ataosha vyombo.

Corie asiye na kazi

Mabadiliko makubwa zaidi ya maoni yalikuja pale wanawake walipoanza kuitazama upya siku ya Corie saa kwa saa. Mwezi Februari 1963, miezi minane kabla ya tamthilia kufunguliwa, Betty Friedan alichapisha The Feminine Mystique, kitabu kilichoeleza huzuni ya wanawake wa Marekani wenye elimu na nyumba nzuri ambao walikuwa wameambiwa kwamba mume, watoto na jikoni vingetosha kujaza maisha. Mwezi Juni mwaka huo huo ilitiwa saini sheria ya Marekani ya malipo sawa kwa kazi sawa. Hakuna dalili ya mambo hayo katika mazungumzo ya akina Bratter, lakini mtu akiisoma tamthilia pamoja nayo, kitu kimoja kinajitokeza ambacho watazamaji wa mwanzo hawakukipa uzito: Paul ana kesi, ana ofisi, ana wateja, na Corie hana chochote isipokuwa nyumba na Paul.

Jambo hilo linaugeuza ugomvi mzima. Nguvu zote za mwanamke mwenye akili nyingi, asiyechoka ngazini, zimeelekezwa katika vyumba viwili na mtu mmoja, na mtu huyo anarudi jioni akiwa amebeba karatasi za kesho. Corie anapomlaumu mumewe kwamba yeye ni mtu wa kuangalia maisha na si wa kuyaishi, anamdai awe kazi yake, safari yake na marafiki zake kwa wakati mmoja, dai ambalo hakuna mume angeweza kulitimiza. Paul anashinda kesi yake ya kwanza, ingawa mteja wake anapewa fidia ya senti 6 tu, na kichekesho cha senti hizo kinaficha tofauti kubwa, kwamba siku ya Paul ilikuwa na matokeo yanayoweza kuhesabiwa na siku ya mkewe haikuwa nayo. Kwa mtazamo huu tofauti za tabia, ambazo Simon alizichukua kuwa chanzo cha kila kitu, zinaonekana kuwa kwa sehemu kubwa matunda ya mgawanyo wa kazi, na watazamaji wengi wanaomwona Corie kuwa msumbufu wanauona usumbufu bila kuiona sababu yake.

Sehemu iliyopokewa kwa ugumu zaidi na watazamaji wa baadaye ni ushauri wa mama. Bi Ethel Banks anamweleza binti yake kwamba ndoa itapona kama ataacha sehemu ndogo ya nafsi yake kwa ajili ya mumewe, atapunguza michezo, na kumfanya Paul ajione mtu wa maana. Mwaka 1963 maneno hayo yalipokewa kama hekima ya mwanamke aliyeishi, na Natwick aliyatamka kwa upole uliowagusa watu. Baada ya miaka ya 1970 wengi waliyasikia kama agizo la kujisalimisha, kwa kuwa hakuna mtu katika tamthilia anayemwendea Paul na kumpa ushauri wa namna hiyo. Lakini mwenendo wa kisa ni wa haki kuliko ushauri huo. Paul ndiye anayelewa, anayekwenda bustanini peku, anayepanda juu ya paa na kushikwa na hofu, na Corie, akiisha kumwona mume aliyemtaka, anagundua kwamba anamhitaji yule mtulivu wa awali, kisha anamfuata paani amwokoe. Kila mmoja amevaa tabia ya mwenzake kwa saa chache, na usawa huo wa vitendo ndio unaowafanya hata wasioukubali ushauri wa mama waendelee kuikubali tamthilia.

Majaribio ya kuihuisha kazi hii yalionyesha ugumu wa kuitenga na wakati wake. Mwezi Septemba 1970 shirika la televisheni la ABC lilianza kuonyesha igizo la vipindi lenye jina hilo hilo, likiwa na Scoey Mitchell na Tracy Reed kama Paul na Corie Weusi, jambo lililokuwa nadra sana katika ucheshi wa televisheni ya nchi hiyo, lakini lilikoma baada ya vipindi 12. Mwaka 2006 tamthilia ilirudi Broadway katika ukumbi wa Cort, ikiwa na Amanda Peet na Patrick Wilson, wahakiki wakaipokea kwa ubaridi, na ikafungwa baada ya maonyesho 109. Takwimu za sensa zinasaidia kueleza. Mwaka 1960 nusu ya wanawake wa Marekani waliofunga ndoa kwa mara ya kwanza walikuwa hawajavuka umri wa miaka 20.3, na wanaume 22.8, ilhali katika miaka ya karibuni umri huo umefika takriban 28 na 30. Maharusi wa siku hizi mara nyingi wameishi pamoja kabla ya harusi, wamegombana juu ya joto la nyumba na saa za kulala, na wamekwisha kujua kama mwenzao ni mtu wa kutembea peku. Mshangao unaoiendesha tamthilia, ule wa watu wawili wanaofahamiana kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wamefunga ndoa, umehamia mahali pengine katika maisha yao.

Wahusika wanaokua pamoja na watazamaji

Kuna hukumu nyingine ambayo haifuati mwaka wa kalenda, inafuata umri wa anayetazama. Watu wanaokutana na kisa hiki wakiwa na miaka 20 humtazama Corie au Paul. Wanaokirudia wakiwa na miaka 50 au 60 mara nyingi humtazama Bi Banks na Velasco. Mwanamke mjane anayeishi peke yake huko New Jersey, mwenye vidonge vyake na ubao chini ya godoro, anapelekwa bila taarifa katika mlo wa jioni na mwanamume asiye na fedha, asiyezijali taratibu, na asiyekubali kuzeeka. Kesho yake anapatikana katika makao ya Velasco akiwa amevaa vazi la mwenyeji wake, na aibu yake inageuka polepole kuwa furaha. Wawili hawa nao hawalingani, na tofauti zao ni pana kuliko za maharusi, lakini hawadaiani kubadilika, kwa sababu kila mmoja ameshafika umri wa kujua gharama ya dai hilo.

Simon aliwaandika kama wasaidizi wa kisa, na hadhira ikawapandisha daraja. Jambo kama hilo liliwatokea waigizaji wakuu wenyewe. Mwaka 2017, miaka 50 baada ya filamu, Jane Fonda na Robert Redford waliigiza pamoja katika Our Souls at Night, filamu kuhusu majirani wawili wazee, mjane na mgane, wanaoamua kulala kitanda kimoja ili wazungumze usiku na kuufukuza upweke. Katika tamasha la filamu la Venice mwaka huo walitunukiwa wote wawili Simba wa Dhahabu kwa mchango wa maisha yao yote, na watazamaji waliowakumbuka wakigombana juu ya dirisha la paani waliweza kuyaona mapenzi yale yale yakiwa yameondolewa madai.

Katika miaka zaidi ya 60, basi, hukumu juu ya Corie na Paul imepita katika hatua zinazoweza kutambulika: kwanza kicheko cha watu waliojua kwamba ndoa haivunjiki kwa urahisi, kisha dharau ya vijana walioiona kuwa ya kizamani, kisha shaka ya wanawake waliouliza kwa nini mke ndiye anayeshauriwa, na hatimaye mgawanyiko wa leo, ambamo mmoja humwona Corie kuwa mtoto asiyekua na mwingine akamwona Paul kuwa mzee kabla ya wakati. Kila hatua iliona kitu cha kweli. Lakini hukumu inayomtafuta mwenye makosa kati ya wawili hao, iwe inamwangukia yupi, inaacha nje kile ambacho historia ya sheria, nyumba na kazi inakifundisha, kwamba maharusi wa 1963 waliingia katika ndoa iliyokwisha kupangwa na wengine kabla yao: sheria isiyowapa njia ya kutoka, desturi iliyompa mmoja dunia na mwingine vyumba viwili, na umri ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amejifahamu. Chini ya mzigo huo ugomvi ulikuwa karibu hauepukiki, na sifa ya Simon ni kwamba aliuandika bila kumfanya yeyote kati yao kuwa mbaya. Ndiyo maana watazamaji wanaendelea kuwatetea wote wawili dhidi ya wenzao, na wataendelea kufanya hivyo maadamu kufunga ndoa kunamaanisha kuishi na mtu ambaye kufahamika kwake hakukuisha siku ya harusi.